Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Semina za Hisabati zisizo na Hisabati

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Kupitia kwa wasomaji wote, baada ya njia ya kawaida kushindikana.

YAH: MAFUNZO KAZINI YA WALIMU WA HISABATI WA SHULE ZA SEKONDARI

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika mojawapo ya sekondari za kata zilizo chini ya halmashauri yako, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kazini. Nimekwisha kuiandikia ofisi yako barua tatu juu ya jambo hili, zote kupitia kwa Mkuu wangu wa Shule kama utaratibu unavyotaka. Ya kwanza ilipokelewa, ikagongwa muhuri, nikabaki na nakala. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo, pale masijala, kwamba jalada liko mezani kwa mhusika. Ya tatu sikujibiwa kabisa. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitaji jina la halmashauri wala la mtu yeyote, kwanza kwa sababu sina nia ya kumwaibisha mtu, na pili kwa sababu nimezungumza na walimu wa wilaya nyingine nikabaini kwamba wangeweza kutia saini chini ya barua hii bila kubadilisha aya hata moja. Ninazijua pia kanuni za utumishi. Hakuna humu siri yoyote ya ofisi, labda kama mwalimu kutojifunza lolote semina ni siri.

Tangu mwaka 2022 nimeitwa katika semina tatu za walimu wa Hisabati: moja ya siku mbili, moja ya siku tatu na moja ya siku tano. Jumla ni siku kumi. Katika siku hizo kumi, ndani ya ukumbi, hatukufanya swali hata moja la hisabati. Hilo ndilo lalamiko langu, na yote yanayofuata ni matawi yake.

1. Kinachofundishwa

Nitaieleza semina ya pili kwa kirefu kidogo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tulikuwa walimu arobaini na sita katika ukumbi wa shule moja mjini. Ufunguzi ulichelewa hadi saa tano kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na kikao kingine. Baada ya hotuba tulielezwa habari za mitaala iliyoboreshwa, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutekelezwa kwa awamu, kisha tukaingia katika namna ya kujaza andalio la somo: safu ipi inaandikwa umahiri mkuu, ipi umahiri mahususi, ipi shughuli za mwalimu na ipi za mwanafunzi. Sidharau andalio la somo. Mthibiti Ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija ndilo la kwanza kuulizwa. Lakini lilikula siku nzima. Siku ya pili tuligawanywa katika makundi, kila kundi likapewa karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, tukaambiwa tuandike sifa za mwalimu bora. Kundi letu lilipata sifa kumi na mbili. Kundi la pili lilipata kumi na tano, likapigiwa makofi ya kilo.

Hapo ndipo mwalimu mmoja, mama mtu mzima aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, alinyoosha mkono. Alisema kwamba katika mada ya Dunia kama tufe wanafunzi wake wanakariri kanuni ya umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja, lakini hawajui ile kosaini iliyomo ndani yake (uwiano wa pande za pembetatu yenye pembe mraba) inatokea wapi, na yeye mwenyewe kila mwaka anaieleza kwa namna ileile na kila mwaka inagoma. Akaomba tusaidiane. Mwezeshaji akamjibu kwa upole: "Swali zuri sana, madam. Tuliweke kwenye maegesho." Ukutani palikuwa na karatasi ya manila iliyoandikwa MAEGESHO kwa herufi kubwa, na swali lake likaandikwa pale kuwa nambari moja.

Hadi jioni ya siku ya tatu karatasi ile ilikuwa na maswali kumi na moja. Mmoja aliuliza afanye nini na mwanafunzi ambaye kila anapofungua mabano huandika kwamba mraba wa a jumlisha b ni mraba wa a jumlisha mraba wa b. Mwingine aliuliza namna ya kumwonyesha mwanafunzi, si kumwamuru, kwamba alama ya "ndogo kuliko" hugeuka unapozidisha pande zote kwa namba hasi. Wa tatu aliuliza habari ya watoto wa Kidato cha Kwanza waliokuwa wakitafuta KDS na KKS bila shida shule ya msingi, kisha wanasikia neno LCM sekondari na kunyamaza kana kwamba hawajawahi kuliona jambo hilo maishani mwao, kumbe ni kile kile kigawe kidogo cha shirika kilichobadilishiwa jina. Hili la mwisho, Ndugu Mkurugenzi, lingestahili semina ya peke yake, kwa sababu mtoto huyo hana tatizo la hisabati. Ana tatizo la lugha ambalo sisi tunalisahihisha kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni la hisabati.

Semina ilifungwa. Karatasi ya maegesho ilibanduliwa, ikakunjwa pamoja na nyingine, ikaingia kwenye buti la gari. Maswali yote kumi na moja ninayo kwa sababu niliyanakili kwenye daftari langu.

Niwe mkweli: hisabati ilifanyika, ila haikuwa kwenye ratiba. Chakula cha mchana cha siku ile ya pili kilikuja na chungwa. Tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini, na kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka ule ule alimwomba yule mama chungwa lake, akalikata katikati, akasema hapa ni Ikweta. Kisha akachukua la kwake akalikata karibu na kikonyo, akaviweka vipande sambamba. Kila mtu aliona kwamba duara la juu ni dogo. Akachora kwenye kiganja pembetatu yenye pembe mraba, akatuonyesha kwamba nusu kipenyo cha duara lile dogo ni nusu kipenyo cha Dunia mara kosaini ya latitudo. Halafu akasema jambo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote, sikuwahi kulifikiria. Alisema kosa letu ni kupenda kuanza na miji ya kwetu. Tukimpa mwanafunzi Dodoma na Zanzibar, zote nyuzi 6 Kusini, moja nyuzi 36 Mashariki na nyingine 39, basi kwa nusu kipenyo cha kilomita 6,400 atakayesahau kosaini atapata kama kilomita 335 na atakayeikumbuka atapata 333. Mwanafunzi anaona tofauti ya kilomita mbili na kuamua kwamba kosaini ni urembo. Anza na nyuzi 60, akasema, ambako kosaini ni nusu kamili na duara ni nusu ya Ikweta. Akishaona nusu hawezi kuisahau, ndipo umrudishe Dodoma.

Ilichukua dakika ishirini. Niliporudi shuleni nilifundisha hivyo, kwa machungwa mawili ya sokoni. Hicho ndicho nilichotoka nacho katika siku kumi za mafunzo.

2. Anayefundisha

Wawezeshaji wetu ni watu waungwana na sina ugomvi nao. Lakini katika semina mbili kati ya tatu, mwezeshaji mkuu hakuwa mwalimu wa Hisabati, na mmoja wao alitueleza mwenyewe, kwa unyofu ninaoushukuru, kwamba mada anayotupa alifunzwa kwa siku mbili na mtu aliyefunzwa kwa siku tano. Mafunzo yanayoshuka kwa ngazi namna hii hufika chini yakiwa makapi, kwa kuwa kila ngazi hubakiza kile kilicho rahisi kubeba. Fomu ni rahisi kubeba, na slaidi pia. Namna ya kumtoa mwanafunzi kwenye kosa lake hutupwa njiani.

Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1998, kwa kushirikiana na shirika la Japani la JICA, mpango wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na sayansi sekondari uliojulikana kama SMASSE. Nao ulishuka kwa ngazi, kutoka kwa wakufunzi wa taifa hadi wa wilaya, na siusemi kama kitu kisicho na doa. Lakini msingi wake ulikuwa somo lenyewe: shughuli ya mwanafunzi, majaribio, na zana za kubuni kwa vitu vilivyopo. Chungwa la yule kijana lingekuwa na nafasi kwenye ratiba yao.

3. Anayehudhuria

Shuleni kwetu tuko walimu wawili wa Hisabati, na kila mmoja ana vipindi zaidi ya thelathini kwa wiki. Mwaliko unapokuja unataja mtu mmoja, na mara nyingi unakuja jana yake. Mara moja alikwenda mwalimu wa somo jingine kwa sababu ndiye aliyekuwa hana kipindi siku hiyo. Alirudi na begi, shajara na cheti cha ushiriki, na kwenye takwimu za ofisi yako shule yetu ikahesabika kuwa mwalimu wake wa Hisabati amepata mafunzo. Kuna shule jirani ambako jina lile lile limekwenda mara zote tatu. Sababu naifahamu na wewe unaifahamu, tuiache hapo.

4. Wakati

Semina ya siku tano iliwekwa wiki ya nne kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Sina la kuongeza.

5. Baada ya semina

Hakuna aliyewahi kuja darasani kwangu kuona kama nilichofundishwa kinatumika. Wathibiti Ubora wamekuja, naam, wakakagua azimio la kazi, andalio na daftari la maendeleo, kazi ambayo ni halali yao. Lakini ufuatiliaji wa mafunzo ni kitu kingine. Ni mtu kukaa benchi la nyuma kwa dakika themanini, asiseme neno, kisha baadaye akaniuliza kwa nini nilimruka yule msichana aliyekosea ubaoni badala ya kulitumia kosa lake.

6. Fedha

Nalitaja mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linaloharakishwa kutumiwa dhidi yetu. Katika semina ya tatu tulisaini fomu siku ya kwanza na nauli ikaingia kwenye simu baada ya wiki saba, ikiwa pungufu. Mwalimu anayetoka kijiji cha mbali alilipa pikipiki, basi na nyumba ya wageni kutoka mfukoni. Sidai nyongeza ya posho. Nadai kwamba anayeitwa kazini asikopeshe serikali.

Ndugu Mkurugenzi, najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshaambiwa.

Itasemwa kwamba mwongozo unatoka juu. Ni kweli kwamba Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yana mwongozo wa kitaifa. Lakini wazo kuu la MEWAKA ni kwamba walimu wajifunze wao kwa wao, shuleni na katika vikundi vya shule jirani, kuanzia kwenye mahitaji yao. Mwongozo haujakataza hisabati. Ninachokiomba kiko karibu zaidi na MEWAKA kuliko kile kinachofanyika ukumbini.

Itasemwa basi kwamba jumuiya za kujifunza zipo shuleni na tuzitumie. Tunazo. Shuleni kwetu jumuiya ya walimu wa Hisabati ina watu wawili, na mwenzangu alipokwenda likizo ya uzazi nilibaki jumuiya ya mtu mmoja. Kwa shule kubwa za mjini huenda inatosha. Sekondari ya kata inahitaji jirani.

Itasemwa moduli zipo kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania na mwalimu anaweza kusoma kwa simu. Nimeingia humo na nimenufaika. Lakini bando nanunua mwenyewe, mtandao shuleni kwetu unapatikana ukisimama kwenye kona ya uwanja wa mpira, na moduli haiwezi kuniona ninapokosea.

Itasemwa hakuna fedha. Hapa naomba uvumilivu wako. Taifa letu lilipata mwaka 2020 mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, na mafunzo kwa walimu wa Hisabati na sayansi ni sehemu yake. Sijui hesabu za halmashauri yetu na sitazizua. Nasema tu kwamba kuwaweka walimu arobaini na sita mjini kwa siku tano, ukumbi, chai ya saa nne, mabegi na malazi, ni ghali kuliko kuwakutanisha walimu wanane wa shule nne zinazopakana, siku moja kila muhula, katika darasa lililo tupu siku ya Jumamosi.

Na itasemwa, kwa sauti ya chini, kwamba walimu wenyewe hawapendi kujifunza, wanapenda posho. Wapo. Lakini yule mama aliyebakiza miaka mitatu hakuuliza habari ya posho.

Uzito wa jambo hili haustahili kupitiwa juu juu. Hisabati ni ya lazima hadi Kidato cha Nne. Hakuna mtoto anayeikwepa. Katika mtihani wa mwaka 2022 waliofaulu somo hili kitaifa walikuwa takriban asilimia 20, na mwaka 2023 takriban asilimia 25. Yaani hata katika mwaka tuliojipongeza, watahiniwa watatu kati ya wanne walitoka na F. Siamini kwamba semina peke yake itageuza hilo, kwa sababu kuna msongamano, kuna lugha, kuna uhaba wa walimu na vitabu. Lakini semina ndiyo sehemu iliyo mikononi mwa ofisi yako, na imekwisha kulipiwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, angalau nusu ya muda wa kila semina ya Hisabati iwe hisabati, na mada zitokane na walimu. Njia rahisi ipo. Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa, kwa kila somo, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na picha za kurasa ambazo watahiniwa wameandika, za aliyepatia na za aliyekosea. Inapatikana bure. Sijawahi kuiona mezani katika semina yoyote. Ichapwe kurasa ishirini tu, kila mwalimu aje pia na madaftari matatu ya wanafunzi wake, na tuanzie hapo: huyu alifikiri nini alipoandika hivi?

Pili, wawezeshaji watoke miongoni mwa walimu wa Hisabati walioko darasani. Tunao wilayani, tunawafahamu, na mmoja wao yuko mwaka wake wa kwanza kazini na anajua kukata machungwa.

Tatu, mafunzo yashushwe hadi kwa shule zinazopakana. Wajapani wana desturi ya muda mrefu ambayo walimu hupanga somo moja pamoja, mmoja akalifundisha kwa wanafunzi halisi, wenzake wakakaa nyuma wakiandika wanachokiona kwa wanafunzi, kisha wakalijadili na kulirekebisha. Haihitaji projekta, inahitaji barua moja kutoka kwako inayowaruhusu Wakuu wa Shule wanne kupanga ratiba zao zipishane, na nauli ya pikipiki.

Nne, kalenda ya mafunzo itolewe Januari, isiguse Septemba hadi Novemba, na orodha ya waliohudhuria, pamoja na somo wanalofundisha, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri ili aliyekwenda mara tatu aonekane na ambaye hajawahi kwenda aonekane.

Tano, nauli ilipwe kabla mwalimu hajarudi kwake.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini, nami nitayaweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii, hata yakiwa ni ya kunikosoa. Wakati huo huo sisi hatutakaa bure: walimu saba wa shule tatu tumekubaliana kukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, katika darasa la Kidato cha Pili shuleni kwetu. Ofisi yako inakaribishwa. Ufunguzi hautakuwepo.

Katika nakala iliyopelekwa masijala nimeambatisha yale maswali kumi na moja ya kwenye maegesho, kwa mpangilio ule ule yalivyoandikwa ukutani. Nambari moja nimeipiga mstari, kwa sababu ilijibiwa kwa chungwa. Yamebaki kumi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Sekondari ya kata.

Nakala: Afisa Elimu Sekondari
Mkuu wa Shule, aone kwenye jalada